Upande wa Kulia wa Mizania

Jumamosi, 15 Machi

Hili ni daftari la maandalio ya somo, lilibaki mezani siku nilipostaafu. Lina safu zake zilizochapwa: Somo, Mahudhurio, Tathmini, Maoni. Nimefundisha hesabu za biashara miaka thelathini na moja na sijawahi kutupa daftari lenye kurasa tupu. Nitaandika humu hasira zangu, maana nyumbani sina tena wa kumgombeza.

Masika yameingia leo kwa fujo. Mtaro wa mtaa umefurika na kuku wawili wa jirani wamekwenda na maji.

Nimeitwa karakanani. Ni banda la wachongaji hapa Chang'ombe, Temeke, nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti, ambako marehemu mume wangu Wilbert alichonga mpingo mpaka vumbi likamla mapafu. Wachongaji ni ishirini na watatu, karibu wote watu wa Masasi na Newala. Mimi ni Mhaya, naitwa Kokuberwa, na hawajaacha kunitania kwamba niliwaibia fundi wao.

Leo hawakutania. Miaka miwili iliyopita barabara iliwahamisha kwenye eneo lao la zamani, wakalipwa fidia ya milioni mia moja na themanini. Mhazini wao Ansbert akawashawishi wasigawane. Wakanunua vipande kwenye mfuko unaomiliki majengo manne ya ofisi mjini: wapangaji wanalipa kodi, mfuko unalipa benki iliyoukopesha, kinachobaki wanagawiwa wenye vipande. Mara mbili walipata gawio, milioni saba na kitu kila mara. Desemba hawakupata hata senti.

Na Ansbert anajenga nyumba Kinyerezi. Hilo ndilo linalowachoma.

"Shemeji, yule katula," akasema Marselino, mdogo wake Wilbert. "Sie tunameza vumbi, yeye anapiga bati la rangi."

Mimi nami nikajibu kwamba sijawahi kumwamini mwanamume anayevaa viatu vyeupe kipindi cha mvua. Wakacheka. Nimemkosoa Ansbert tangu zamani. Aliacha kuchonga baada ya kujikata kidole gumba, akajifanya karani, na kila sentensi anaitia Kiingereza. Kama angekuwa mwanafunzi wangu ningempa arobaini kwa mia.

Marselino ningempa tisini. Ndiye aliyebeba jeneza la kaka yake upande wa kichwa, na ndiye anayeziba bati langu kila masika.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Choo cha jirani kimefurika. Tumetukanana.

Jumamosi, 29 Machi

Mkutano wa karakana. Ansbert alikuja na kitabu cha hesabu za mwaka cha mfuko, kimechapwa kwa Kiingereza kwenye karatasi inayong'aa. Akaanza kusoma. Hakuna aliyeelewa, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa anaelea tu juu ya maneno. Alipofika ukurasa wa nne Gaspar, ambaye ni mwenyekiti, akampokonya kitabu.

"Tuambie kitu kimoja tu. Imebaki shilingi ngapi?"

"Mwenyekiti, hii sio daftari letu. Hapa hakunaga iliyobaki."

Marselino alikuwa na tezo mkononi, ile yenye makali ya kuparulia gogo. Aliirusha. Ilipita sikioni mwa Ansbert ikajikita kwenye nguzo, ikabaki inatetemeka. Upana wa vidole viwili zaidi kulia na tungekuwa tunaandaa msiba. Salumu, mchongaji aliyekuwa amefunga Ramadhani na midomo imemkauka, alimkumbatia Marselino kwa nyuma akamwangusha chini, na Marselino akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka.

Nikapanda juu ya gogo nikapiga bati kwa fimbo ya mkwaju. Nikawaambia nipeni mimi kitabu hicho, nitawafundisha mizania wiki ijayo, na atakayerusha chombo tena nitamchapa mbele ya wenzake bila kujali mvi zake.

Ansbert aliokota miwani yake kwenye vumbi. Alisema, "Asante, mwalimu." Nilimjibu sikuja kwa ajili yake. Nilikuwa na raha ya kusema vile.

Jumatano, 2 Aprili

Siku tatu nimesoma kitabu cha mfuko. Naandika hapa nilichoelewa.

Vilivyopo: majengo manne, yamethaminiwa bilioni themanini na nne. Kodi ambayo wapangaji hawajalipa, bilioni nne. Fedha taslimu benki, bilioni mbili. Jumla bilioni tisini.

Ni vya nani: benki inadai bilioni thelathini na nane. Wadai wadogo, bilioni mbili. Zilizobaki, bilioni hamsini, ni za wenye vipande, pamoja na wachongaji wetu. Jumla bilioni tisini.

Vipande viko milioni hamsini. Kwa hiyo kila kipande ni shilingi elfu moja, ile ile waliyonunulia. Karani wa mfuko alinisomea kwenye simu: vipande laki moja na themanini elfu, vyote kwa jina la kikundi, havijaguswa. Ansbert hajala kitu.

Lakini sikuridhika. Katika deni la benki, bilioni kumi na moja lazima zilipwe ndani ya miezi kumi na miwili, na taslimu ziko mbili tu. Ndiyo maana gawio la Desemba walilizuia. Tena jengo moja lina sakafu tatu tupu, na bado thamani ya majengo imepandishwa bilioni tano kwa mwaka. Wataalamu wameandika matumaini yao kwa tarakimu. Kama majengo yatauzwa kwa haraka, benki inakula kwanza na sisi tunalamba sahani. Hilo lazima niwaambie wachongaji, ila baada ya kuwaelewesha kwanza kwamba hawajaibiwa.

Naona aibu kidogo. Nilitaka awe mwizi.

Jumamosi, 5 Aprili

Somo: Mizania. Mahudhurio: 22 kati ya 23. Ansbert nilimwambia asije, nisije nikafundisha huku nikizuia ngumi.

Nilichora mstari katikati ya ubao. Kushoto nikaandika majengo, kodi, taslimu. Kulia nikaandika benki, wadai, wenye vipande. Chini kushoto 90, chini kulia 90. Nikawaambia pande hizi lazima zilingane mpaka shilingi ya mwisho. Gaspar akanakili yote kwenye pakiti ya sigara.

Nilikuwa ndiyo kwanza nageuka kueleza upande wa kulia ni nini, mvua ikashuka. Bati la banda halina dari. Nilipaza sauti mpaka koo likakwaruza, nikaona midomo yao inasema "Nini?" na sikusikia hata moja. Maji yakaanza kupita chini ya meza. Nikakumbuka dirisha langu la chumbani nililoacha wazi.

Nikawaonyesha kwa mkono: basi. Nikaenda zangu.

Maoni: Somo halikukamilika. Litaendelea Jumamosi ijayo.

Jumapili, 6 Aprili

Godoro limelowa. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 7 Aprili



Leo sikukuu ya Karume, watu wote mtaani. Saa nne asubuhi nilikuwa nafua mlangoni, manyunyu yanadondoka, nikasikia kutoka upande wa karakana neno moja, limevutwa kwa sauti kubwa: "Mwiziii." Anayeishi Temeke analijua neno hilo. Likishatoka mdomoni halina mwenyewe. Watu hawaulizi kaiba nini, wanauliza yuko wapi. Nilimwona muuza chapati akiacha chapati kwenye moto. Nilimwona dereva wa bodaboda akichomoa mnyororo chini ya kiti. Akapita fundi wa kuchomelea na nondo bado nyekundu nchani.

Nikachukua fimbo yangu ya shule nikakimbia.

Alikuwa ndani ya mtaro, maji yakimfika kifuani, ameshika mkoba juu ya kichwa. Kiatu kimoja cheupe kilikuwa kimeshaelea kwenye takataka. Walikuwa juu yake pande zote mbili wakimpiga kwa mawe na matofali, na kila alipojaribu kupanda ukingo wanamkanyaga vidole. Mtu alimpiga nondo usoni, nikasikia taya linavyolia. Mwanamke niliyemfundisha mwanawe alikuwa anarusha mawe na mtoto mgongoni.

Niliwachapa. Nilichapa migongo, masikio, mikono, sikujali ya nani. Fimbo ikavunjika nikaendelea na kipande. Nilikuwa napiga kelele "Mnamjua? Mnamjua nyie?" na hakuna aliyejali. Waliomvuta kutoka mtaroni hawakuwa wanamwokoa, walikuwa wanataka pahali pakavu. Mmoja akamvika tairi. Mwingine akamwagia petroli kutoka kwenye chupa ya maji. Wakajaribu kuwasha kiberiti mara nne.

Mvua ikashuka. Ile ile iliyonikatiza somo. Kiberiti kikalowa, petroli ikatiririka pamoja na matope, na watu wakaanza kukimbilia vibarazani kama wametoka sokoni. Salumu akalala juu ya Ansbert, kifudifudi, akawaambia waliobaki, "Nipigeni na mie basi." Walimpiga mateke mawili matatu wakaondoka.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, mimi na Salumu. Jicho la kushoto halipo. Njiani nilimuuliza Salumu kulikoni.

"Kaja mwenyewe, mwalimu. Gaspar kamuuliza imebaki ngapi. Kasema mizania imelingana."

"Ndiyo, imelingana. Sasa?"

"Si ndiyo hivyo. Iliyoingia tisini, iliyotoka tisini. Imebaki sifuri. Si uliandika mwenyewe ubaoni?"

Nikakumbuka daftari la kikundi. Ansbert ndiye aliyelitunza miaka kumi, na ndiye aliyewazoesha: kushoto Iliyoingia, kulia Iliyotoka, chini Iliyobaki. Walisoma ubao wangu kwa macho aliyowapa yeye. Wakatoa tisini kwenye tisini.

Nusu ile niliyoiacha ilikuwa ya dakika kumi. Nilikwenda kufunga dirisha.

Jumanne, 8 Aprili

Redio imesema mtu mmoja amejeruhiwa na wananchi wenye hasira kali. Mimi nawajua kwa majina.

Jumatano, 9 Aprili

Hospitali. Mkewe Clara ni muuguzi, lakini wa hospitali nyingine, hapa anakaa kwenye benchi kama sisi. Alinionyesha karatasi za mkopo wake wa mtumishi: ile nyumba ya Kinyerezi ni ya makato ya mshahara wake, miaka saba. Sikumwomba. Anawaonyesha watu wote, hata mfagiaji.

"Mwalimu, nauliza. Wewe si ulisoma kile kitabu? Ulijua kuwa hajaiba?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatano iliyopita."

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga.

Ansbert hawezi kusema, taya limefungwa waya. Aliona daftari hili mkononi mwangu akaashiria. Nikampa pamoja na kalamu. Ameandika hapa chini, kwenye safu ya Tathmini, kwa mwandiko wa kupinda:

*Walielewa?*

Nikamwambia, "Bado. Somo halijaisha." Akafumba jicho lililobaki.

Jioni Marselino alikuja kuziba bati langu. Nilimpikia chai. Akadondosha msumari mara tatu. Akasema, "Bodaboda wale washenzi sana, shemeji." Nikamwongeza sukari.

Ijumaa, 11 Aprili

Amefariki saa tano asubuhi. Damu kichwani.

Wachongaji wana desturi moja. Mwenzao akifa wanachonga msalaba wa mpingo, kwa Mwislamu ubao wa jina, na kila mmoja anapiga pigo lake hata kama ni kibanzi kimoja. Wa Wilbert ulipigwa na wote ishirini na watatu. Nimekwenda karakanani kuwaambia mazishi ni kesho saa tisa. Gaspar alikuwa anapiga msasa, hakuinua kichwa.

"Msalaba wa mwizi hatuchongi, mwalimu. Kama mnataka mbao za kawaida, nendeni kwa mafundi samani."

Clara alikuwa nyuma yangu, amesikia. Anawaza mtoto wao wa darasa la tano atasoma nini juu ya kaburi la baba yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefika saa moja asubuhi nikasimama mlangoni. Waliofika niliwaingiza, waliotaka kutoka niliwarudisha. Clara nilimkalisha kwenye gogo mbele.

Nilipochora tu mstari wa katikati mvua ikapiga bati. Wakanitazama wakidhani nitaondoka tena. Sikutoa neno. Nilifundisha kwa chaki.

Niliandika kushoto: VILIVYOPO. Nikaandika kulia: NI VYA NANI. Nikafuta kwa kiganja neno "iliyotoka" ambalo Gaspar alikuwa ameliongeza kwa mwandiko wake mbaya. Kisha nikaviringisha gogo la mpingo la Salumu katikati. Wote wanalijua: alilinunua laki tatu, laki moja ametoa, laki mbili anadaiwa na msambazaji. Nikapiga gogo kofi, nikaandika kushoto: gogo 300,000. Kulia: msambazaji 200,000, Salumu 100,000. Chini 300,000, na 300,000. Nikaandika: IMEBAKI NGAPI? Nikamwita Gaspar kwa kidole, nikampa chaki.

Alitazama ubao. Alitazama gogo. Gogo lilikuwa palepale, zito, halijaenda popote. Nikaona uso wake unavyoshuka.

Nikarudi kwenye majengo. Kulia nikazungushia duara bilioni hamsini, nikaandika: ZENU HUMU. VIPANDE 180,000. HAVIJAGUSWA. Nikaandika pia juu ya sakafu tupu na zile bilioni kumi na moja za benki, kwa sababu sitaki tena kufundisha nusu. Chini kabisa nikaandika: ANSBERT HAKUCHUKUA KITU.

Nikawaita mmoja mmoja wanakili ile hesabu ya gogo kwa mkono wao. Walikuja. Wengine walikuwa wanalia na hawakuficha. Salumu alinakili mara mbili.

Marselino alikuwa wa mwisho. Alishika chaki, hakuandika. Mvua ilikuwa inapungua, sauti yake ikasikika.

"Shemeji. Kelele ilikuwa yangu."

Sikuelewa. Nadhani sikutaka kuelewa.

"Alikuwa anakimbia. Nikaona hatumpati. Nikaita mwizi. Nondo ya kichwani vilevile nilimpiga mie, kabla hajaingia mtaroni. Mara moja."

Nilimpiga kofi. Nikampiga la pili, na la tatu, na angesimama hivyo hivyo mpaka jioni mikono imening'inia. Nilikuwa nampiga kwa ajili ya Ansbert, na kwa ajili ya ile chai, na kwa kuwa siku ile ya kwanza alicheka utani wangu wa viatu vyeupe na mimi nikafurahi. Clara ndiye aliyenishika mkono.

"Muache," akasema. "Achonge jina. Si ndiye fundi wa herufi hapa? Achonge vizuri. Akimaliza aende polisi."

Wote walipiga pigo lao. Marselino alichonga herufi saba za Ansbert kwa saa mbili, akizipuliza vumbi moja moja, na hakuna aliyemsemesha. Hazikupinda hata kidogo. Saa nane nilimsindikiza kituoni kwa miguu, mimi na yeye tu, kwenye matope. Mlangoni akaniuliza nani atanizibia bati masika yajayo. Nikamwambia litavuja.

Nilifika makaburini wakati wanashindilia udongo.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Padri alisoma mateso ya Yesu. Umati ulipopiga kelele "Asulubiwe" nilitoka nje.

Mei, tarehe siikumbuki

Polisi wamewachukua bodaboda wawili na Gaspar. Nimetoa maelezo mara tatu. Nimeeleza na habari ya dirisha. Askari hakuliandika.

Ijumaa, 20 Juni

Jua. Mtaro umekauka, kumebaki matope yaliyopasuka na kiatu kimoja cheupe.

Clara amekuja karakanani na simu ya marehemu. Namba ya mhazini haijabadilishwa, ujumbe bado unaingia kwake. Akaomba watu wakusanyike, akasoma: mfuko umeongezewa muda na benki, umelipa gawio la shilingi kumi na tano kwa kipande, milioni mbili na laki saba zimeingia kwenye akaunti ya kikundi. Ujumbe unaanza kwa kumwita Ndugu Ansbert, mteja wetu mpendwa. Alisoma na hapo pia.

Hakuna aliyeuliza imebaki ngapi. Salumu alichukua chaki akaenda ubaoni, akachora mstari katikati. Kushoto akaandika kiasi hicho. Kulia akaandika majina yote, kila mtu fungu lake, na la Ansbert la kwanza juu. Akajumlisha. Zikalingana.

Somo: Mizania.
Mahudhurio: 20 kati ya 23. Wawili rumande, mmoja marehemu.
Maoni: Somo limekamilika.
Tathmini: Wameelewa, Ansbert.